Boksi la Rafu ya Juu

Pale karakana walimwita Mama Tochi, na hakuwahi kununa kwa ajili hiyo. Jina lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mkaguzi wa ofisi ya malalamiko ya wateja. Mteja na muuzaji waliposhindwa kuelewana, yeye ndiye aliyetumwa, na tochi yake ndogo nyeusi, kuangalia mahali ambapo wengine walikuwa wamechoka kuinama.

Asubuhi hiyo alifika saa mbili kamili. Mkunga alikuwa amemtangulia getini, amesimama na mkoba wake wa kazi begani, kama mtu aliyeambiwa safari inaanza sasa hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa gari likitoka."

"Basi tusichelewe, usije ukanizimikia hapa. Mimi sijui kuzalisha wala kuzindua."

Mkunga alicheka kidogo, halafu akaacha. "Kuna mama mmoja kule vilimani, ana mapacha. Siku zake ni keshokutwa. Pikipiki haipandi kule njia ikilowa, na mtungi wa oksijeni siwezi kuubeba mgongoni."

"Wanauza saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Mnunuzi ameshakuja mara mbili kuliangalia. Jana alipiga matairi teke mbele yangu."

Faili la kesi hiyo lilikuwa na kurasa ishirini na mbili, ingawa habari yenyewe ingetosha nusu ukurasa. Wiki saba zilizopita mkunga alilileta gari lake kwenye kampuni hii, ndiyo iliyomuuzia, kwa sababu lilivuja maji chini. Wakamwambia pampu ya maji imekufa. Wakamwandikia kwamba wameweka mpya, naye akalipa yote siku hiyohiyo. Baada ya siku kumi na sita, akiwa njiani kwenda kuzalisha, mshale wa joto ukapanda. Alizima injini palepale, akaliacha gari kando ya barabara, akaenda kwa miguu. Mtoto alizaliwa salama, anapiga kelele kama king'ora. Gari ndilo lililopata matatizo.

Kampuni ililivuta, ikalifungua, ikasema: pampu iliyomo humu si yetu. Sisi tuliweka mpya. Wewe umelipeleka kwa fundi wa mtaani, akaitoa mpya yetu akakuwekea kuukuu. Dhamana imekufa. Ulipe kulivuta, ulipe kulifungua, ulipe na maegesho ya kila siku. Na kwa mujibu wa karatasi aliyoisaini mkunga bila miwani, gari likikaa siku thelathini bila kulipiwa, kampuni ina ruhusa ya kuliuza. Leo ilikuwa siku ya thelathini.

"Nikuulize mara moja tu," alisema mkaguzi. "Ulilipeleka kwa fundi mwingine?"

"Hapana, mama."

"Hata kuongeza upepo?"

"Upepo niliongeza. Kituo cha mafuta."

"Hiyo nitakusamehe. Kaa hapa kivulini."

Meneja wa huduma alikuja kumpokea mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Alimwamkia vizuri, akambebea mkoba. Mkaguzi aliliona hilo akalishukuru. Mtu anaweza kukudanganya na bado akakubebea mkoba, na vyote viwili ni kweli.

"Mama yangu, hii kesi ni nyepesi," alisema wakitembea. "Saa nne utakuwa umeshamaliza. Nimekuandalia kila kitu mezani."

"Asante, baba. Basi tuanze na gari, meza itatusubiri."

Gari la mkunga lilikuwa kwenye kona ya mwisho, boneti wazi. Pembeni yake, kwenye sinia la bati, kulikuwa na pampu iliyotolewa ndani yake, bolti nne, na gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, iliyobanduka vipande viwili. Fundi aliyesimama hapo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wenzake wakimwita Kimya. Alivuta stuli, akaifuta kwa kitambaa safi, si kile cha mafuta, akaisogeza karibu na gari.

"Ahsante, baba," alisema mkaguzi, akakaa.

Meneja alinyoosha kidole. "Angalia bolti hizo, mama. Tatu za kiwandani. Ya nne je?"

Ya nne ilikuwa mpya, inang'aa, kichwa chake kinene kuliko wenzake.

"Hiyo imenunuliwa dukani mtaani. Na gasketi hiyo, angalia ukingo wake. Imekatwa kwa mkasi. Sisi hapa hatukati gasketi kwa mkono kama washona viatu. Zetu zinakuja kwenye pakiti. Huo ni mkono wa mtu wa nje, na ndiyo kesi yote hiyo."

Mkaguzi aliiinua bolti, akaigeuza, akairudisha. Ilikuwa hoja nzuri. Akaiandika kwenye daftari lake kama ilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Kisha akaiinua pampu. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, inapendeza kama zawadi. Aliwasha tochi. Kwenye mikunjo, mahali ambapo brashi ya waya haifiki, kutu ya zamani ilikuwa imejificha chini ya rangi. Alishuka kwenye stuli akainama ndani ya injini, akiguna kidogo kwa ajili ya magoti, akaangalia mahali pampu ilipokuwa imekaa. Palikuwa na pete ya magadi meupe, yale yanayoachwa na maji ya miaka mingi. Upande mmoja pete hiyo ilikuwa imepinda, ikaacha pengo dogo kama jino lililong'oka. Aliichukua pampu, akaisogeza. Kwenye uso wake, chini ya rangi, palikuwa na pete ileile, na jino lililokosekana lilikuwa hapo. Zilikaa pamoja kama mfuniko na sufuria yake.

"Baba meneja, hii pampu na hii injini zinafahamiana."

"Pampu za aina hii zote zinafanana, mama. Ukiweka yoyote itakaa."

"Kukaa itakaa. Lakini magadi haya ni ya miaka, si ya siku kumi na sita."

"Labda ilitoka kwenye gari jingine la aina hiihii." Meneja hakubabaika. "Ndiyo maana nakwambia twende stoo. Pampu ya zamani ya gari hili, ile ya kwake tangu lilipotoka kiwandani, tulimtolea na tunayo. Ipo kwenye boksi, ina lebo, ina namba ya gari lake. Kama tuliitoa ile, basi tuliweka nyingine. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema mkaguzi. Na ndivyo ilivyokuwa. Kila kitu kilisimama juu ya boksi hilo.

Kabla ya kuondoka alifungua pochi akatoa kichupa cha rangi ya kucha.

"Mama unajipamba kwanza?" alicheka meneja.

"Nampamba huyu." Akaigeuza pampu, akaweka nukta moja nyekundu chini ya mdomo wa puli, lile gurudumu la mkanda, mahali ambapo mtu haoni ila kwa kioo. Ilikuwa desturi yake ya zamani. Siku moja, miaka mingi nyuma, kifaa alichokikagua Jumatatu kilibadilishwa kabla ya Jumanne, na tangu hapo kila kilichopita mikononi mwake alikitia nukta. Mafuta ya injini hayaitoi rangi ya kucha. Kichupa cha kwanza, cha zambarau, aliachiwa na binti yake siku alipoolewa, nacho kilikauka mwanzoni mwa mwaka huu. Sasa alinunua nyekundu, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Alipokuwa akiinuka aliona kidole gumba cha fundi. Kilikuwa na kovu jipya la kuungua, limepona vizuri, bila mkunjo.

"Rejeta?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nani alikufunga kidonda? Kazi safi hiyo."

Fundi aliangalia upande wa getini. "Mwenye gari hili. Siku alipolileta." Kisha akajikuta ameanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ndani ya sanduku lake la vifaa, chini ya spana namba kumi na mbili, kulikuwa na mkasi mfupi na kipande cha karatasi nene ya gasketi, kimekatwa kona.

Mkaguzi alikiona. Alifunga daftari lake bila kuandika.

Stoo ilikuwa chumba kirefu, safi kuliko sebule za watu wengi. Mtunza stoo alikuwa mtu wa umri wake, koti la kijivu, miwani imefungwa kamba shingoni. Kila rafu ilikuwa na lebo, kila boksi lina lebo, hata kopo la kalamu lilikuwa na lebo iliyoandikwa KALAMU.

"Karibu, dada," alisema, akampa kiti chake mwenyewe. Hakukuwa na kingine.

"Asante, kaka. Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nimezoea kusimama. Nikikaa nasinzia."

Meneja alisema wanataka pampu ya mkunga. Mtunza stoo alilisogeza kopo la kalamu kwanza. Kisha alivuta ngazi, akapanda hadi rafu ya juu kabisa, akashuka na boksi moja la kadibodi lenye kona zilizochakaa. Aliliweka mezani taratibu, akalinyoosha likae sambamba na ukingo wa meza. Kwenye lebo palikuwa na namba ya gari la mkunga na tarehe ya matengenezo, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa vidole.

Pampu iliyokuwa ndani ilikuwa imekufa kweli. Mkaguzi aliizungusha, ikalia. Aliitikisa, beringi ikacheza. Mapanga yake yalikuwa yameliwa, na moja limevunjika ncha.

"Umeona, mama?" alisema meneja nyuma yake. "Mtu anatoka na kitu kama hiki tumboni mwa gari lake, tunamtengenezea, halafu anakwenda kutushtaki."

"Nimeona. Hii haifai hata kuzuia mlango."

Akafungua kichupa chekundu. Akaigeuza pampu, akaingiza kioo chake chini ya mdomo wa puli, akasogeza brashi mahali pake pa siku zote.

Mahali penyewe palikuwa pameshachukuliwa.

Palikuwa na nukta. Ndogo, ya duara, imekolea vumbi la mafuta. Alilamba ncha ya kitambaa chake, akaifuta. Ilikuwa ya zambarau.

Mkaguzi alifunga kichupa, akakikaza vizuri, akakirudisha pochini.

"Kaka," alimwambia mtunza stoo, "naomba maji ya kunywa."

Wakati maji yanaletwa, aliweka kidole gumba juu ya lebo ya boksi akaisugua kidogo. Ilikuwa nene. Nene kama kadi ya harusi. Alikunywa maji yote, akarudisha glasi, akashukuru.

"Sasa, baba meneja," alisema, "twende kwako tuandike. Na kaka aje, na boksi lake. Fundi pia nitamhitaji, na mwenye gari."

"Nilikwambia, saa nne," alisema meneja kwa furaha.

Ofisini walikaa watano. Mkunga alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Fundi Kimya alisimama mlangoni ili asichafue zulia. Mtunza stoo alishika boksi mapajani kwa mikono miwili. Mkaguzi alivaa miwani ya kusomea, akafungua ukurasa mpya.

"Nina maswali matatu tu, na kila jibu nitaliandika na wewe utalisaini. Ndiyo kawaida yangu, unaijua."

"Naijua, mama. Tumeshafanya kazi pamoja."

"Tumeshafanya. La kwanza. Pampu iliyomo kwenye boksi hilo ilitoka kwenye gari la nani?"

"La huyu dada mkunga."

"La pili. Ilitolewa lini?"

Meneja alitaja tarehe bila kuangalia popote. Wiki saba zilizopita.

"La tatu. Kabla ya siku hiyo ilikuwa wapi?"

Meneja alicheka. "Ilikuwa kwenye injini yake, mama. Ingekuwa wapi? Tangu gari litoke kiwandani haijatoka humo."

"Niandike hivyo? Haijatoka humo?"

"Andika."

Aliandika, akageuza daftari. Meneja alisaini kwa mkono mmoja wa haraka wenye mkia mrefu. Daftari likasogezwa kwa mtunza stoo. Huyu alichukua kalamu, akaisoma karatasi kuanzia juu hadi chini, kisha akaiweka kalamu chini. Alivua miwani akaanza kuifuta na kona ya koti.

"Saini, mzee," alisema meneja.

"Naona ukungu," alisema mtunza stoo.

"Mwache apumzishe macho," alisema mkaguzi. "Mimi nitasoma wakati huo." Akalifungua daftari nyuma, kurasa nyingi nyuma, akalamba kidole, akageuza nyingine mbili. "Hapa. Miezi minane iliyopita. Muuza mikate mwenye gari dogo la kusambazia. Alilalamika kwamba mliandika mmembadilishia pampu na hamkubadilisha. Nilikuja. Mkanionyesha pampu yake ya zamani. Nimeandika hivi: 'Pampu kuukuu, beringi imelegea, panga moja limevunjika ncha. Nimeweka nukta ya zambarau chini ya mdomo wa puli.' Na chini yake kuna saini."

Aligeuza daftari tena. Mkia wa saini ulikuwa mrefu, uleule.

Mkaguzi alimpa mkunga kioo na tochi. "Mwanangu, wewe una mikono ya kuona mahali pagumu. Angalia chini ya puli utuambie."

Mkunga aliinama juu ya boksi. Hakuchukua muda. "Ipo nukta. Zambarau."

"Basi hii pampu, ambayo haijatoka kwenye injini ya huyu dada tangu kiwandani, miezi minane iliyopita ilikuwa mezani stoo, ikisemwa ni ya muuza mikate. Na huenda haikuwa ya kwake pia. Nieleze, baba. Mimi nina muda mpaka saa sita."

Meneja alikohoa. "Rangi ni rangi. Mtu yeyote anaweza kupaka."

"Anaweza. Na ncha ya panga naye aliivunja? Na saini yako?"

"Huenda stoo walichanganya maboksi."

Wote walimgeukia mtunza stoo, na hata meneja mwenyewe alionekana kujua kwamba hapo amepotea njia. Mtu aliyeweka lebo kwenye kopo la kalamu hachanganyi maboksi.

"Au fundi," meneja aliongeza haraka. "Kama pampu haikubadilishwa, aliyekuwa na spana mkononi ni fundi. Mimi nasaini karatasi tu. Kimya, wewe ndiye uliyefanya hii kazi. Uliipeleka wapi pampu mpya?"

Fundi aliangalia viatu vyake, kisha zulia, kama anayepima kama amelichafua.

"Hakupewa," alisema mtunza stoo.

Alikuwa amevaa miwani yake tena. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesoma orodha.

"Alikuja dirishani mara tatu siku ile kuomba pampu mpya. Ninayo, iko rafu ya pili, mpaka leo iko na pakiti yake. Niliambiwa nisitoe, aisafishe ya zamani apake rangi airudishe. Akaomba basi gasketi. Nikaambiwa nisitoe. Akaomba bolti, kwa sababu moja ilikuwa imekufa nyuzi. Nikaambiwa nisitoe chochote kwenye kazi ile. Nilimfungia dirisha mtu anayeomba bolti moja." Akalishika boksi vizuri mapajani. "Hilo silipendi mpaka leo."

"Nani alikuambia usitoe?" aliuliza mkaguzi.

"Aliyesaini hapo juu."

Mkaguzi alimgeukia fundi. "Bolti ile ya kichwa kinene, baba, si lazima useme. Kesi yangu imeshakamilika bila hiyo. Ukikaa kimya, nami nitakaa."

Fundi Kimya alisogea hatua moja juu ya zulia.

"Ni yangu," alisema. "Nilinunua saa ya chakula. Na karatasi ya gasketi nusu. Nilikata mwenyewe. Nilijua haitadumu, lakini bila hiyo angefika getini tu." Alimwangalia mkunga kwa mara ya kwanza. "Alikuwa amenifunga kidole, na mimi sikuwa na cha kumpa. Nisamehe, dada. Ningekuambia siku ileile."

Mkunga alikuwa na mkono mdomoni. Aliutoa. "Zile siku kumi na sita," alisema, "nimezalisha watoto watano."

Mkaguzi aliandika kwa dakika kumi nzima, na wote walimsubiri. Kisha akasoma. Kampuni haikuweka pampu mpya. Malipo ya kwanza ya pampu yarudishwe. Malipo ya pili yote yafutwe, ya kulivuta, ya kulifungua na ya maegesho. Gari lisiuzwe. Pampu mpya iwekwe leo, bila malipo, mbele ya mkaguzi. Fundi na mtunza stoo wamesaidia uchunguzi kwa hiari, na ofisi itapenda kuwakuta kazini kila itakapopita, nayo itapita mara kwa mara.

"Hilo la mwisho si la kesi," alisema meneja.

"Ni la kwangu. Ukitaka nilipeleke juu kwa wenye kampuni nikaliombee huko, nitalipeleka pamoja na mengine. Yatakwenda kwenye bahasha moja."

Meneja alitafuta pa kuweka macho. Shati lake bado lilikuwa limenyooka, ila yeye ndani yake amepungua kidogo. Akasaini. Safari hii saini haikuwa na mkia.

Mnunuzi alifika saa sita kasoro, amevaa kapelo, akakuta gari limeinuliwa na fundi yuko chini yake. Aliuliza kama bado linauzwa. Mkunga ndiye aliyemjibu.

"Haliuzwi. Na usipige tairi langu teke tena."

Kazi ilichukua saa tatu na nusu. Kila bolti ilitoka kwenye pakiti, na mtunza stoo aliileta mwenyewe mpaka kwenye gari, moja moja, ingawa angeweza kuzileta zote kwa mpigo. Injini ilikuwa salama, kwa sababu mkunga aliizima mara tu mshale ulipopanda. Waliiacha ikinguruma nusu saa, na mshale ukasimama katikati bila kuyumba. Mkaguzi alikagua chini kwa tochi. Palikuwa pakavu.

"Sasa kanywe chai," alimwambia mkunga.

"Nitakunywa vilimani. Nikienda leo nitalala hukohuko niwe karibu naye." Alishika mkono wa mkaguzi kwa mikono yake miwili, akaingia garini, akatoka getini taratibu, akawasha taa ya kulia kama watu wa heshima.

Mkaguzi alirudi stoo. Mtunza stoo alikuwa ameshachemsha maji kwenye birika, na boksi kuukuu lilikuwa mezani. Hakuna aliyemwomba. Alilowesha lebo kwa kitambaa cha moto, akasubiri, akaibandua kwa ubapa wa kisu bila kuichana. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, na chini yake nyingine. Alizipanga mezani kwa mstari mmoja, zikauke. Zilikuwa tisa.

"Kwa nini hukulitupa tu hili boksi, kaka?" aliuliza mkaguzi. "Kila mara ungechukua jipya, nisingejua kitu."

Mtunza stoo aliwaza. "Lilikuwa bado zima," alisema.

Alizinakili namba zote tisa na tarehe zake kwenye karatasi safi, kwa ule mwandiko wake, akampa. Ya nane kwa tarehe, ile iliyokuwa chini tu ya lebo ya mkunga, ilikuwa namba ya gari la muuza mikate.

Duka la mikate lilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Mkaguzi alikwenda moja kwa moja, na pampu ndani ya mfuko wa nguo, nzito, inamgonga goti kila hatua. Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia. Muuza mikate, mtu mnene mwenye unga kwenye nyusi, alikuwa anafuta rafu zilizobaki tupu. Alimtambua mara moja na mkono wake ukasimama.

"Wewe mama ndiye uliyeniambia sina haki."

"Ndiye mimi."

Akaitoa pampu akaiweka juu ya kaunta, kwenye gazeti, isichafue. Akaigeuza, akampa tochi na kioo. Muuza mikate aliinama akaangalia muda mrefu.

"Naona kirangi. Cha nini hiki?"

"Ni changu. Nilikiweka siku ile, mezani kwao. Leo nimekikuta kwenye pampu ya mtu mwingine. Walitumia pampu moja kwa watu tisa, na wewe ulisema kweli tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea. Nimefungua faili lako upya, na pesa yako utarudishiwa. Lakini nimekuja kwa ajili ya hilo la kwanza. Nisamehe."

Muuza mikate aliweka tochi chini polepole. Aliangalia pampu, akamwangalia mkaguzi, akajifuta uso na kuongeza unga badala ya kuupunguza.

"Mama," alisema, "hayo maneno unaweza kuyarudia?"

"Naweza."

"Subiri kwanza." Akageukia mlango wa nyuma, kulikokuwa na sauti ya mtu anayeosha masinia. "Mke wangu. Njoo mara moja. Miezi minane unaniambia ni mimi niliyeua gari kwa kulijaza unga. Njoo, acha hayo masinia."

Masinia yakanyamaza. Muuza mikate alizunguka kaunta, akavuta kiti, akakipangusa vizuri kwa aproni yake, akamkalisha mkaguzi.

"Sasa anza upya, mama," alisema. "Na usiende haraka."